Miti Yangu Katika Shamba la Bamama

Siku ya kwanza, Jumatatu 2 mwezi wa tatu 2026

Habari kubwa! Mairie, serikali ya muji wetu, inatoa kiwanja kule juu Bulengera, na mbegu, na agronome wa kufundisha kulima, kwa shamba la quartier, mutaa wetu. Bamama bale balikimbia vita na kuacha mashamba yao upande wa Beni njo batalima kwanza. Vizuri. Lakini shamba linaomba mutu wa akili, na huyo ni mimi, Phinées. Shida moja: présidente lazima awe mwanamuke. Hapana kitu! Nitaweka bibi yangu Kanyere. Yeye atatia signature, mimi nitasema.

Siku ya pili, 3

Mukutano nyuma ya kanisa. Nikamusifu Kanyere mpaka mwenyewe akaniangalia na mashaka. Kumbe jirani yangu Gamaliel, mwizi wa mawazo, naye amekuja kumutaja bibi yake Jemima! Tukabishana nani bibi yake anasikia bwana zaidi. Wakati tuko tunapiga kelele, bibi zetu bale babili bakasogea pembeni, bakapatana: Kanyere présidente, Jemima vice. Makofi. Nikauliza mimi niko nani. Kanyere akasema niko bwana wa présidente. Batu bakacheka. Sikuona cha kuchekesha.

Siku ya tatu, 4

Wazo! Kwetu, mutu akiazimwa udongo anapanda maharagi tu. Anayepanda muti, huyo njo mwenye udongo. Hata batoto banajua. Basi asubuhi na mapema nimepanda miti midogo ya eucalyptus, mupaka wote wa juu. Mutu akiuliza, ni ya kuzuia upepo. Miaka kidogo tu, na kiwanja ni cha Phinées! Nimeimba njia yote.

Siku ya nne, 5

Nikapita kusalimia miti yangu. Mupaka wa chini, miti mingine! Gamaliel! Hana haya? Akaniambia ni ya kuzuia upepo. Upepo gani unatoka chini ya kilima? Mutu huyu ni mwongo sana.

Siku ya tano, 6

Eh Mungu wangu. Agronome amekuja, kijana wa miwani. Bamama bote pale na majembe. Akaona miti, akauliza ni ya nani, juu mairie haisaidie shamba lenye mabishano ya udongo. Gamaliel akasema ni ya Phinées. Nikasema ni ya Gamaliel. Tukashikana mashati. Agronome akafunga faili, akatoa ufunguo wa pikipiki. Mama Mariette, aliyekimbia na batoto na sufuria moja, akakaa chini katika udongo, jembe mukononi.  Nikaachilia shati ya Gamaliel.

Njo Kanyere akasogea mbele. Akasema polepole kwamba hawa bapapa babili bametoa miti zawadi, kwa kushika udongo wa ile ravin, korongo la mvua linalokula nyumba za quartier. Hapa bameiweka kwa muda tu. Kesho batahamisha benyewe. Agronome akafurahi! Akaandika, akapiga picha. Mbegu zinafika juma lijalo. Bamama bakapiga vigelegele, Mama Mariette akalia. Na mimi nililia kidogo, lakini juu ya miti.

Siku ya posho, Jumamosi 7

Siku nzima ndani ya ravin na Gamaliel. Matope mpaka magoti. Hatukusemeshana, ila kulaumiana. Jioni Kanyere akaniuliza, akiniita kwa jina la mutoto wetu: Papa Joyeuse, kama agronome angeondoka, wewe njo ungemwambia Mama Mariette batoto bake bakule nini?  Haya ilinishika, kweli kweli.  Nimeapa: mipango basi. Imeisha!

Siku ya Mungu, 8

Baada ya misa bametangaza: mairie itachimba bwawa la samaki kwa chama cha bajane. Samaki! Bwawa linaomba mutu wa akili. Présidente lazima awe mujane, na Kanyere alishazoea kazi. Shida moja tu: mimi niko muzima. Lakini kufa kwa karatasi hakuumize.

Nimemuuliza Kanyere kama anaona vibaya mimi niwe marehemu kwa muda. Amekubali palepale, hata hakuacha kumenya viazi. Ameomba tu mazishi yasiwe siku ya tano, juu ile siku iko na kazi shambani.