Waya wa Dhahabu wa Iwao Tsuruoka

Iwao Tsuruoka alikuwa na mali tatu duniani: ulimi mtamu, kigari cha mizigo, na waya wa pasi mbovu alioupaka rangi ya dhahabu. Alipomwona Mama Kinuyo, mjane mwenye mkahawa wa kusikilizia jazi pale mtaa wa Jinbocho, akipangusa santuri ambayo tajiri mmoja wa Osaka angeilipia yeni milioni mbili, alivua kofia kwa heshima zote.

"Mama, wapulizaji tarumbeta wa santuri hii umewaziba midomo," alisema. "Funga waya huu kwenye spika, utasikia hadi pumzi zao. Hata santuri zako za bei rahisi zitafufuka. Pesa sitaki, nipe tu hiyo santuri kuukuu."

"Tujaribu kwanza, mwanangu. Ila masharti ya hapa ni yaleyale: sindano ikigusa santuri, hakuna kusema, hakuna kugeuka."

Iwao alifunga waya, akapandisha sauti kidogo kwa siri kama ilivyo desturi ya kazi yake, akaketi mbele ya spika. Mama Kinuyo aliketi nyuma yake.

Katikati ya tarumbeta, kiti kikalia. Kisha kikombe kikagonga kisahani. Kisha mtu akashusha pumzi, karibu kabisa na kisogo chake. Nywele zikamsimama. Wimbo huo aliujua kwa moyo, na hakuwahi kuyasikia hayo. Mungu wangu, waya unafanya kazi!

"Umekisikia kiti?" Iwao aliuliza sindano ilipoinuka.

"Nimekisikia. Waya wako kiboko. Haya, chukua santuri."

"Thubutu! Siuzi tena."

Mama Kinuyo alisikitika sana. "Basi chukua na amplifaya yangu hii ya zamani. Bila hiyo, huo ni waya tu. Nami niachie kigari."

Iwao alitoa ufunguo wa kigari kabla bibi hajabadili mawazo, akaenda kwa miguu, waya mfukoni, amplifaya kifuani.

Nyumbani, kwa santuri na spika za kuazima, aliupiga wimbo uleule mara tisa. Tarumbeta ilisikika vizuri. Kiti, kimya.

Kesho yake aliingia mkahawani akitoa moshi puani. Wimbo uleule ulikuwa unapigwa, wateja kumi wameinamisha vichwa. Nyuma yao Mama Kinuyo alikuwa anajitikisa taratibu kitini, kriii, kikombe mkononi.

Iwao alifungua mdomo. Bila kichwa hata kimoja kugeuka, vidole kumi vikaenda midomoni, na Mama Kinuyo akamwonyesha kibao cha masharti ukutani.

Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa na neno la kweli la kusema. Aliketi, akaagiza kahawa kwa kidole.