Waya wa Moto Ulikuwa Baridi

Jumatatu, 3 Juni

Bomba la bafuni limemuuma mke wangu. Ndivyo asemavyo yeye, limemuuma, utadhani bomba lina meno. Alikuwa anafungua maji amwogeshe mdogo. Akapiga yowe. Ndoo ikapinduka, mdogo akalia, na mkubwa akalia kwa sababu mdogo amelia. Nyumba nzima msiba!

Nikaenda mwenyewe. Nikagusa bomba kwa ncha ya kidole. Kweli linatekenya. Basi! Mtu mzima analalamikia kutekenywa?

Akasema aitwe fundi wa umeme. Fundi! Wakati mimi nipo! Mimi niliyeendesha mashine ya fotokopi tangu binti yetu mkubwa hajazaliwa! Kila asubuhi nani anaichomeka ukutani? Mimi. Jioni nani anaichomoa? Mimi. Fundi atakuja kunifundisha nini?

Nikamshauri avae kandambili akioga. Alikwenda chumbani, akarudi na begi na watoto wawili waliokwisha kuvaa viatu. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba wanakwenda kwa kaka yake, na watarudi siku fundi mwenye cheti atakapotengeneza ile hita ya maji. Fundi, akarudia, siyo wewe baba watoto. Ule upole ndio ulioniudhi.

Kwa kaka yake! Kwa Shemeji! Mtu anayevaa suti kwenda dukani kununua kiberiti. Sasa atakaa sebuleni kwake, miguu juu ya stuli, akimwambia dada yake, si nilikwambia.

Jumanne, 4 Juni

Nyumba kimya. Nimekula mkate mkavu nimesimama. Vizuri sana kwa afya.

Nimeikagua hita. Ni tangi tu ukutani juu ya bomba, lina waya nyuma yake. Hakuna cha ajabu. Halafu wanaogopa! Fyuzi yake ilikuwa ikikatika kila mara tangu mwaka jana, ikatuudhi, mpaka nilipoitoa nikaweka msumari mahali pake. Haijakatika tena hata siku moja. Huo ndio ufundi. Fundi wa cheti angeniuzia fyuzi nyingine, nayo ikakatika.

Jirani wa mlango wa pili, Mama Cherehani, alinikuta kwenye korido. Anashona nguo za shule na masikio yake yanashona habari. Akanipa pole kwa mke kuondoka. Nikamwambia amekwenda kusalimia. Akasema alisikia ni habari ya bomba, kwamba mtoto mdogo, mwili umelowa, hilo siyo la kucheza nalo baba, watu wanakufa. Nikamjibu kwamba umeme hauna ubaya na mtu asiyeuogopa. Akaniangalia kama mtu anayepima kitambaa na kukiona hakitoshi.

Nimepanga. Nitaitengeneza hita mwenyewe. Kisha nitampigia simu mke wangu na kumwambia fundi amekuja. Atarudi, ataoga, hataumwa. Baadaye sana, labda kwenye harusi ya binti yetu, mbele ya Shemeji, nitasema aliyetengeneza ni mimi. Natamani kuiona sura yake.

Jumatano, 5 Juni

Nimepiga simu mapema. Nikasema fundi amekwishakuja, mtu hodari, ana cheti kikubwa. Mke wangu akauliza amesema tatizo ni nini. Sikujiandaa kwa swali hilo. Nikasema amesema ni la kitaalamu.

Akampa simu kaka yake! Bila kuniuliza!

Shemeji akaanza kuhutubia. Ndani ya hita kuna waya tatu, akasema. Kuna wa moto, unaoleta umeme. Kuna wa kurudisha. Na kuna wa ardhi, wenye rangi ya kijani na manjano, kazi yake ni kuupeleka umeme uliopotea njia uende ardhini badala ya kupita kwenye mwili wa mtu. Akauliza, je, huyo fundi wako aliukuta waya wa ardhi umefungwa? Na lile la msingi, shemeji, akaongeza, ule wa moto usiuguse kabisa. Nikamwambia hayo yote fundi ameyafanya. Akacheka kwa pua. Yeye kazi yake kuuza bima! Umeme kaujulia wapi?

Hata hivyo nimechukua lililo na maana. Nyuma ya hita nimeukuta kweli waya wa kijani na manjano unaning'inia, haukufungwa popote. Nao unatakiwa uende ardhini. Ardhi! Si ni udongo? Nimechukua kopo la maua ya mke wangu kutoka dirishani, nikaliweka juu ya beseni la kunawia, nikauchomeka ule waya kwenye udongo mpaka chini. Nikamwagilia vizuri, maana Shemeji mwenyewe alisema umeme lazima upate njia.

Bomba bado linatekenya, ila kwa adabu kidogo. Udongo wa kopo haujauzoea umeme. Nitaupa siku moja.

Alhamisi, 6 Juni

Kazini balaa. Bosi ananunua vitu kama bibi harusi: birika la umeme, feni mbili, sasa kaleta na jokofu dogo la soda. Soketi ni moja. Nilichomeka vyote kwenye ekstensheni ile ya mashine ya fotokopi, na alipotaka kuchaji simu nikaunganisha ekstensheni nyingine juu yake. Kila kitu kiliwaka. Nilijisikia fahari.

Baada ya chai kukawa na harufu ya plastiki. Ekstensheni imelainika kama ubani uliotafunwa, na kwenye zulia pana duara jeusi. Bosi alipiga kelele hadi wateja wakatoka nje. Eti nilirundika mzigo mkubwa kwenye waya mwembamba. Eti ningechoma duka. Nani aliyenunua birika? Nani aliyetaka soda baridi? Simo!

Amenipiga marufuku kugusa soketi. Amemkabidhi kazi ya kuchomeka mashine dada wa kaunta, ambaye juzi tu alikuwa hajui kuweka karatasi. Alichomeka bila hata kunitazama.

Niliporudi nyumbani sikuwasha taa. Sikutaka kuona viti vitupu. Nimemkumbuka mke wangu, na hilo nalo ni kosa la Shemeji.

Ijumaa, 7 Juni

Ninaandika kwa mkono wa kushoto. Mwandiko huu usihesabiwe.

Jioni umeme ulikatika mtaa mzima. Watu walinung'unika, mimi nilishukuru. Mtu mwenye akili hutumia nafasi! Niliingia bafuni na bisibisi, koleo na tochi ya simu. Sikuzima swichi kuu. Izimwe ya nini, umeme si umekatika wenyewe? Kupanda kiti kuzima kitu kilichokwisha kuzimika ni kazi ya mjinga.

Nikafungua kifuniko cha hita. Waya tatu, kama alivyosema mwuza bima. Wa kijani na manjano naujua, unaishi kwenye maua. Zimebaki mbili, mmoja wa kahawia na mmoja wa bluu. Upi wa moto? Shemeji hakusema rangi yake, kwa kujisahau au kwa makusudi.

Basi nikaamua kupima. Niliugusa wa kahawia kwa mgongo wa mkono, kama mama anavyopima homa ya mtoto. Baridi. Nikaugusa wa bluu. Baridi. Nikarudi kwenye wa kahawia, nikauweka hata shavuni. Baridi kabisa! Nikacheka peke yangu. Hakuna waya wa moto humu. Shemeji ni mwongo, niliwaza, na nitamwambia mbele ya watu.

Nikaukamata ule wa kahawia kwa nguvu zangu zote, niuchomoe niufunge upya. Sakafu ilikuwa imelowa, kwa ajili ya kumwagilia maua. Kandambili niliziacha mlangoni zisichafuke.

Umeme ukarudi.

Mkono ulijikunja wenyewe, ukagoma kuachia. Nilitaka kupiga kelele, mdomo nao ukagoma. Niliwaona watoto, wote wawili, wamesimama na viatu vyao mlangoni, na hawakuwepo. Niliogopa. Hapa naandika kwa ajili yangu tu: niliogopa sana.

Hapo ndipo Mama Cherehani aliponivamia. Anadai alisikia kitu kikianguka. Aliingia kwangu bila hodi, akanipiga mkononi kwa mpini wa ufagio! Si mara moja! Nikaanguka kwenye ndoo. Kisha akakimbilia kiti, akapanda, akazima swichi kuu, akarudi akinitukana huku akilia. Eti nimshukuru Mungu ule mpini ni wa mti na ni mkavu. Eti angenishika kwa mkono tungekufa wote wawili.

Ninatafakari kumshitaki. Kumpiga mtu ndani ya bafu lake mwenyewe!

Jumamosi, 8 Juni

Zahanati wamenifunga bandeji kiganja cha kulia, wakanisikiliza moyo mara nyingi kuliko nilivyopenda.

Mke wangu alikuja. Mama Cherehani ndiye aliyempigia simu, maana domo lake halina kufuli. Nilijiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa na majibu yote, ya hita, ya msumari, hata ya maua. Hakuuliza lolote. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akanishika kiwiko, mahali pasipo na bandeji, akalia. Akasema watoto wameuliza kama baba atakufa. Akasema hakujua awajibu nini. Nilijifuta macho kwa bandeji. Nikamwambia ni vumbi.

Shemeji akaja na fundi. Kavaa suti, bafuni! Fundi aliingia, akatoka na kopo la maua mkononi, akauliza hili ni la nani. Nikatazama dirishani. Akaingia tena, akatoka na msumari. Hakuuliza tena, alikaa chini koridoni akacheka mpaka akakohoa. Mtu mwenye cheti, anacheka kazini!

Amebadilisha waya, amefunga ule wa ardhi sijui wapi huko nje, na ukutani ameweka kidude kinachojizima chenyewe umeme ukienda njia mbaya. Bomba halitekenyi.

Mke wangu atarudi kesho jioni na watoto. Ameweka sharti moja tu: nisiguse waya tena, wowote, wa rangi yoyote. Akasema, baba watoto, ukigusa tena nitageuza hapo hapo mlangoni, na safari hiyo sitasema nitarudi lini. Alisema kwa upole ule ule. Nikaapa, na niliapa kwa moyo. Nawataka warudi. Nyumba hii bila kelele zao haikaliki.

Jumapili, 9 Juni

Siku nzima nimefagia. Nimepika. Nimetandika vitanda vya watoto kwa vidole vilivyobaki nje ya bandeji.

Saa kumi nikawaza: wanarudi jioni, na barazani ni giza. Watoto waingie gizani? Dukani wana zile taa ndogondogo za rangi, za kuning'iniza. Nikanunua. Na taa siyo waya. Taa ni taa. Kama mke wangu alimaanisha taa, angesema taa.

Zilikuwa fupi. Nikazirefusha kwa waya mwembamba wa redio ya zamani, nikafunga viungo kwa plasta ya zahanati, maana tepu sikuwa nayo na plasta nilikuwa nayo ya kutosha. Mvua ilikuwa imenyesha kidogo. Nikazipitisha juu ya kamba ya nguo, nikachomeka.

Kidude cha ukutani kikajizima. Nikakiwasha, kikajizima. Nikakiwasha tena, tena kikajizima! Kitu kipya kabisa, kimekwisha kuharibika! Ndiyo kazi ya watu wenye vyeti. Nikapanda kiti barazani, pekupeku ili nisiteleze, nikashika waya wa redio kutafuta ulipolegea.

Gari likasimama getini.

Binti mkubwa alishuka wa kwanza, akikimbia. Kisha mke wangu, mdogo begani. Wakaniona. Nilitabasamu na kunyoosha mikono yote miwili, na waya ukanyooka nayo. Binti akasimama kabla ya ngazi. Hakulia. Alimgeukia mama yake na kumwambia, mama, baba ameanza tena.

Nikasema ni taa tu, mke wangu, karibuni, subirini kidogo mtaona. Alimshika binti mkono, akamwambia dereva asizime gari. Nikaita. Nikamwita kwa jina lake la nyumbani, ambalo simwiti mbele za watu. Gari likageuka.

Nimekula peke yangu. Chakula cha watu wanne ni kingi.

Lakini nimekaa nimefikiri kwa utulivu, na kosa nimeliona. Zingewaka kwa wakati wangeingia, watoto wangefurahi, habari ingeishia hapo. Kilichoniponza ni kile kidude cha fundi. Mama Cherehani yeye hana kidude kama hicho, umeme wake unatoka moja kwa moja, na soketi yake iko karibu na dirisha. Kesho anapeleka nguo kwa wateja. Nitapitisha waya dirishani bila kumsumbua, kisha nitampigia simu mke wangu na kumwambia fundi amekuja.