Glodie Anagawa Michoro Yetu kwa Kila Mtu

Kwa Ndugu Rais Kapenda,
Umoja wa Mafundi wa Elektroniki na Programu, Kamina

Ndugu Rais,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na mwenye umeme. Mimi, Zébédée Kabange, fundi wa karakana ya nyuma ya soko, naomba mkutano wa Jumamosi umwondoe Glodie katika kundi letu la WhatsApp. Glodie ni mtoto wa dada yangu, na mimi ndiye niliyemfundisha kulehemu, kwa hiyo usidhani ni chuki.

Kosa lake ni kugawa. Akiandika programu, anauweka msimbo wote kundini, mstari kwa mstari. Akipata mchoro wa saketi, ule tunaouita schéma, haulali kwake. Unafika miji ya Luena na Kaniama mimi sijanawa uso. Nilipomkanya, alinijibu kwa adabu inayouma kuliko matusi: "Tonton, minyi nilizani weye njo utafurahi wa kwanza. Ile kazi iko ya shiye bote." Yaani alidhani mimi, mjomba wake, ndiye ningefurahi wa kwanza, kwa kuwa kazi ni yetu sote.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Zamani mteja akileta kifaa, nilimwambia arudi wiki ijayo, na wiki ijayo nikamwambia ijayo. Hivyo ndivyo tulivyojuana. Mwalimu Lydie alikuwa akinisimulia mambo ya shule nzima huku nautafuta ugonjwa wa redio yake. Sasa nafungua schéma ya Glodie, ugonjwa unaonekana, redio inapona chai haijapoa. Lydie anashukuru, anakwenda. Sijui tena nani ameoa Kamina hii.

2. Anaandika maelezo ndani ya msimbo, tena kwa Kiswahili! "Hapa tunapima betri; hapa usiguse, utaunguza." Msimbo unaoeleweka ni aibu kwa taaluma. Wangu mimi nikiuacha kidogo tu, siuelewi mwenyewe, na hapo najua nimeandika kitu kizito.

3. Mbayo, fundi wa Kaniama. Glodie aliweka kundini programu yangu ya kile kisanduku kinacholinda betri za sola. Aliniomba ruhusa, ni kweli, lakini nilikuwa nakula, na mtu anayekula hukubali lolote. Mara Mbayo akaona kosa: betri ikishajaa, kisanduku changu kinaendelea kuichaji. Kumbe ndiyo maana betri za wateja wangu zilikuwa zikivimba, na mimi nikalilaumu jua. Akalisahihisha mbele ya watu wote, kisha, Ndugu Rais, akanishukuru! Mtu akikukosoa vibaya unaweza kugombana naye. Huyu ameniacha sina pa kushika.

4. Heshima ya marehemu. Papa Amédée, mwalimu wetu, ndiye peke yake aliyekijua kikuza sauti cha kanisa, na alikuwa akikifungua ametupa mgongo. Alipofariki aliondoka na siri yake. Tangu hapo kile kikuza sauti kinawekewa maua, na mchungaji anahubiri hadi koo linakauka. Hivyo ndivyo fundi mkubwa anavyokumbukwa! Je, Glodie akifa, Mungu apishe mbali, nani atajua? Kila kitu kitaendelea kufanya kazi.

5. Vitu vikitengenezwa vizuri hivi, vitaacha kuharibika. Vikiacha kuharibika, kila nyumba itakuwa na taa. Watoto watasoma usiku na mchana. Wote watakuwa mainjinia. Basi nani atanihitaji mimi? Hilo naliogopa, nasema wazi. Nimezeeka na sina kingine ninachojua.

Kwa hiyo napendekeza kila programu ifungwe isisomeke, kila schéma irudi kwa mwenyewe, na aliyekwisha kuielewa aisahau kwa hiari.

Nisalimie mkeo, Mama Kasanda, na watoto, mafundi wote wa Luena, na hata Mbayo ukimwona, ila yeye msalimie kidogo.

Mwenzenu mwenye uchungu,
Zébédée Kabange

N.B. Kabla ya kutuma barua hii nilitaka kuwa mfano, nifunge programu zangu mwenyewe. Sikujua namna, nikauliza kundini. Glodie akaniletea palepale programu ya kufungia, msimbo wake wote wazi. Nikausoma ili nimtafutie kosa, na kweli nikalipata: simu ikizimika katikati ya kazi, faili inafutika. Nikalisahihisha. Halafu sijui nini kilinishika, nikaandika maelezo pembeni na kuurudisha kundini. Mbayo ameshukuru. Luena wameshukuru. Mmoja nisiyemjua kabisa, Nkongolo, ameandika: "Aksanti mingi, Papa Zébédée, uliniokolea kazi ya mwaka muzima." Nimeisoma mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu wa umri wangu, na nimefurahi, sifichi. Basi, Ndugu Rais, Jumamosi mwacheni Glodie alipo. Nipeni mimi muda mrefu wa kusema, maana nimeona kosa katika programu ya Mbayo, na nataka nilisahihishe kwa heshima, mbele ya watu wote.