Ombi la Kurudisha Ushindi Tulioupata kwa Shupaza Mbovu

Bariadi,
Agosti 1996.

Ndugu Katibu Joakim Maige,
Klabu ya Wafanyakazi wa Kinu cha Pamba.

Mwangaluka, Ndugu Katibu. Natumaini u mzima, wewe na nyumba yako yote, na kwamba yule ng'ombe wako aliyekuwa anakohoa sasa anacheua vizuri. Mimi mwili hauna neno. Roho ndiyo inayoniuma, na anayeniumiza ni mwenzi wangu wa meza ya karata, Mayu Klementina, mama mkunga wa zahanati na mjane wa marehemu Kwandu.

Jumamosi, kama ulivyoshuhudia, tulicheza briji na Bwana Machibya, mnunuzi aliyekichukua kinu chetu soko lilipokuwa huria. Yeye aliutaka ukumbi wa klabu awekee mbegu za pamba. Sisi tuliutaka ubaki wetu, kwaya ifanyie mazoezi na wazee wapate mahali pa kugombania bao. Kwa kuwa yeye hujisifu kwamba hajapata kufungwa karata tangu azaliwe, alikubali ukumbi uamuliwe mezani. Tukashinda.

Naomba, kwa heshima zote, ushindi huo tuurudishe. Sababu zangu ni hizi:

1. Mayu Klementina alidakia mnada akiwa na mkono mbovu, yaani karata dhaifu. Padri aliyetufundisha mchezo huu alitueleza vizuri kwamba karata hazichezwi kabla ya mnada: unataja unachoweza kula, na kama huna kitu unasema "napita," wala si aibu. Katika mchezo wa mwisho Bwana Machibya alitaja kopa moja. Mayu Klementina akamrukia bila hata kusafisha koo: "Shupaza mbili!" Nilimtazama usoni, nikaona utulivu wa mtu aliyeshika ree na mfalme. Karata zilipolala mezani ndipo nilipojua alichokuwa nacho: ghulamu mmoja, na vishupaza vidogo vikimfuata nyuma kama vifaranga.

2. Alinidanganya mimi kwanza, kabla ya adui. Ng'washi, mhasibu anayecheza na Machibya, alitaja kopa nne, na hizo wangezila wakipiga miayo. Mimi niliyepima pamba ya ushirika maisha yangu yote bila kuegemeza kidole kwenye mizani, nikamwamini mwenzangu, nikataja shupaza nne. Kama Machibya angetulia akasema "dabo," adhabu yetu ingekuwa maradufu, tungechinjwa mbele ya watu, na leo kwaya ingekuwa inaimba juu ya magunia. Hakutulia. Alichukia kudakiwa na mkunga. Akapiga meza: "Kopa tano!" Alipozicheza akapungukiwa mzunguko mmoja tu, ukumbi ukabaki wetu. Watu wakambeba Mayu Klementina juujuu. Mimi hakuna aliyenibeba, ingawa ree ya shupaza ilikuwa yangu.

3. Hajutii. Nilimfuata nje nikamwuliza, "Mayu, na kama wangekudabo?"

"Ningefungwa," akasema. "Kwani ukumbi tulikuwa nao bado? Wewe Kasmiri ukingoja mkono mzuri utazikwa na karata zako."

Ndugu Katibu, hayo si maneno ya kumwambia mgane mwenye presha.

4. Ugonjwa umeenea. Sokoni mnunuzi anataja bei ya kumzidi mwenzake, na huku lori ni la kukodi, magunia ameazima, dereva hajala tangu jana. Jirani yangu, mwenye mbuzi mmoja anayechechemea, amekwenda Nyashimo kuposa kwa ng'ombe thelathini, na inasemekana wamempikia wali. Hata Bwana Machibya mwenyewe, nimechunguza, alikitajia kinu bei kubwa kuliko wote akiwa amevaa suti ya shemeji yake. Sasa tukisema Mayu Klementina alifanya vyema, basi na hao wote wamefanya vyema. Na sisi tuliosema "napita" tangu ujana wetu, tulikuwa tunafanya nini?

5. Kwa hiyo naomba ukumbi apewe Bwana Machibya pamoja na ufunguo na pole. Mayu Klementina asimamishwe mpaka hapo atakapogawiwa mkono wa maana. Kila atakayedakia aoneshe kwanza karata zake kwa wapinzani, wakiridhika ndipo aendelee. Kwaya iimbe nje. Mvua ikimnyeshea mwimbaji mwaminifu haimdhuru.

Nisalimie mama watoto, wazee wa bao wote, na waimbaji wa sauti ya tatu, ambao najua watanikasirikia kuliko wengine.

Ni mimi, mpenda haki, niliyepita na ninayeendelea kupita,
Kasmiri Ndaki,
karani mstaafu wa mizani.

Nyongeza: Bahasha ilikwisha kulambwa gundi, nimeichana mwenyewe. Nimeambiwa leo asubuhi kwamba Bwana Machibya alikwenda nyumbani kwa Mayu Klementina kumwomba awe mwenzi wake wa meza. Yote niliyoandika hapo juu yafute, na ukumbi usiguswe na mtu. Nilitoka mbio, kamba za viatu zikinifuata. Nikamkuta uani anapepeta mchele. Kabla hatujasalimiana nikamwomba awe mwenzi wangu, tena si wa karata peke yake.

Akaweka ungo chini. "Kasmiri, mkononi una nini?"

"Sina kitu, mayu. Nyumba inavuja, na magoti unayajua."

"Machibya alikuja na lori."

"Najua. Ndiyo maana nimedakia."

Akacheka mpaka kuku wakatawanyika, kisha akanisogezea kigoda.