Kasa Aliyenizimia Taa

Kwa Meneja,
Hoteli ya Vyumba Tisa,
Upande wa Machweo, Kisiwani.

Shemeji mpendwa na Meneja mheshimiwa,

YAH: OMBI LA KURUDISHIWA TAA NYEUPE

Kwa moyo mzito na macho yaliyochoka, nachukua nafasi hii kukutangazia rasmi kwamba sijui soksi nilizovaa ni za rangi gani. Mke wangu, ambaye ni dada yako, anasema ni za kijani. Mapezi, mzamiaji wako, alipita hapa akasema moja ni ya kijani.

Najua kwa mtu mwenye hoteli ya kuendesha hili ni jambo dogo. Kwa fundi cherehani ni msiba. Chanzo chake unakijua. Kasa mmoja alipanda kutoka baharini, akauona mchanga ulio mbele ya kibanda changu, akataga mayai, akaenda zake. Tangu hapo kila taa inayotazama ufuko imevishwa kitambaa chekundu. Kwenye kikao cha majirani ulitueleza vizuri, na picha ulituonyesha: vitoto vya kasa vikitoka shimoni hufuata mwanga vikidhani ndiyo bahari, na kitakachoelekea nchi kavu hakifiki adhuhuri, kisipoliwa na kunguru kitakaushwa na jua. Watu walihuzunika. Mimi nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono kuunga hoja. Sikatai. Ulikuwa umetoka kusema kwamba vifuniko vyote vitashonwa na mimi.

Ila barua hii haihusu tamaa yangu. Inahusu mateso yangu, nayo ni haya:

1. Kazi yangu ni rangi. Chini ya taa nyekundu, uzi mwekundu na uzi mweupe ni mapacha, na wa buluu na mweusi ni mtu na kivuli chake. Ndivyo nilivyoshona sare nyeupe za wahudumu wako. Nilizishona, nikazipiga pasi, nikazikunja, nikajisifu. Kesho yake wahudumu walipotoka juani na chai za wageni, kila mshono ulikuwa mwekundu: mabegani, kwapani, mifukoni. Mpishi alionekana kama mtu aliyepasuliwa na daktari mwenye haraka. Nilikuja mbio na mkasi nifumue, nikachelewa. Mgeni mmoja mama mtu mzima alikwishamshika mhudumu mkono wa shati, anauliza kama huo ndio ushoni wa asili wa kisiwa. Nawe Shemeji, niliyekujua tangu una meno mawili tu ya mbele, ukamjibu bila kupepesa macho kwamba mafundi wanaoujua wamebaki wachache sana. Hukusema uongo. Tumebaki mmoja.

2. Kwa sababu hiyo niliwekwa kwenye ratiba. Nimeisoma kwa macho yangu kwenye ubao wa mapokezi: asubuhi pomboo, mchana matumbawe, jioni fundi cherehani. Sina ugomvi na pomboo, tunaheshimiana. Lakini pomboo akichoka kutazamwa anazama. Mimi nizame wapi? Wageni wanakaa kwenye benchi langu la wateja, wanauliza maana ya mshono mwekundu. Siku ya kwanza nilisema hauna maana, ukanitazama kama mtu aliyekojoa kisimani. Siku ya pili nikasema mshono wa begani ni njia ya kasa anayerudi baharini. Mmoja akafuta machozi. Sasa siwezi kurudi nyuma. Isitoshe, umeniagiza mashati mengine ya kuuza dukani kwako, yawe na kosa lilelile. Shemeji, kukosea bila kujua ni rahisi, nimefanya hivyo maisha yangu yote. Kukosea kwa oda, na makosa yafanane, huo ni ufundi ambao sijasomea.

3. Cherehani yangu ya umeme imefunikwa shuka. Ulisema hoteli yako inatumia jua kupasha maji, na maji ya kuogea kumwagilia bustani, kwa hiyo haipendezi wageni wamkute mwenyeji akinguruma kwa umeme. Nimerudishwa kwenye cherehani ya miguu ya marehemu mama. Ni kweli haitumii umeme. Inatumia goti langu la kushoto.

4. Dada yako ananong'ona. Unaifahamu sauti yake. Alikuwa akiniamsha mimi, wanaamka na watu wa kivuko. Siku hizi, kwa heshima ya mayai, ananiamsha kwa kunong'ona, na matokeo yake siamki. Nikiuliza chai iko wapi, ananielekeza kwa kidole. Ukutani kabandika ile kadi yako ya masharti kwa wageni: usimsogelee kasa, usimguse, usimlishe, usimpige picha kwa mwanga mkali, usisimame kati yake na maji. Nimeisoma mara nyingi nikisubiri chai. Mimi huguswa. Mimi hupigwa picha kwa mwanga mkali uzi ukiwa mdomoni. Na juzi kundi zima lilisimama kati yangu na maji, maana bafu liko nyuma ya benchi, nami nilikuwa na haraka.

5. Sasa nije kwa kasa mwenyewe, na ninaomba aitwe ajitetee. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alikuja na jembe lake. Alichimba uani kwa watu bila hodi, akaacha watoto, akaondoka bila kwaheri, bila hata kugeuka. Na kwa malezi hayo amejengewa uzio, amewekewa kibao, na Mapezi anamkagulia shimo asubuhi na jioni. Mimi na dada yako tumelea watoto watatu mpaka wakaondoka kwa miguu yao wenyewe kwenda kutafuta maisha. Mbona hakuna aliyetuzungushia hata kamba?

6. Kwa kuzingatia hoja zote hizo, nimejichunguza bila upendeleo. Nina umri wa makamo. Nchi kavu natembea polepole. Ngozi ya shingo imeanza kukunjamana. Kila mwaka narudi palepale nilipozaliwa, na sababu moja ni kwamba sikuwahi kuondoka. Kwa ushahidi wako mwenyewe mbele ya mgeni, wa aina yangu tumebaki mmoja. Hivyo basi, ninaomba hoteli initambue rasmi kuwa kiumbe adimu, nipewe uzio, nipewe kibao, na masharti yote ya kadi yatumike kwangu bila kubagua. Na kwa kuwa kila kiumbe adimu anastahili mazingira yake ya asili, mazingira yangu ya asili ni taa nyeupe, ile ndefu, iliyokuwa juu ya meza ya kukatia.

Najua utasema tusubiri mayai yaanguliwe. Nimeuliza. Mapezi amehesabu kwa vidole, akasema bado kabisa, tena alisema kwa uhakika wa mtu anayeishi chini ya maji. Kama ni bado kabisa, taa ya jioni moja inamdhuru nani? Kwa hiyo nakutaarifu, si kwa jeuri bali kwa kukata tamaa, kwamba kitambaa chekundu nimekivua. Mistari hii naiandika chini ya taa nyeupe, mlango nimeuacha wazi nipate hewa, na jua ndiyo kwanza limezama. Nyuzi zangu zote nazijua kwa majina. Soksi moja ni ya kijani. Mapezi alisema kweli.

Nategemea jibu lako kabla sijajiunga na pomboo.

Nisalimie mpishi, umwambie mishono ya kwapani itakatika asipoacha kunyoosha mikono. Nisalimie dada wa mapokezi na ubao wake. Wasalimie wageni wote wa benchi, hasa yule aliyelia. Dada yako anakusalimu kwa kunong'ona. Hata kasa, Mapezi akikutana naye huko chini, ampe salamu zangu, ingawa hakunipa zake.

Wako kwa utii na shingo upande,
Shemeji yako,
Fundi.

Tanbihi: Haya yafuatayo nayaandika chini ya taa nyekundu ya barazani, kama mistari inapanda na kushuka, nivumilie.

Shemeji, hayo yote ya juu yapuuze.

Nilikuwa nimetia sahihi, natafuta bahasha, nikasikia kitu kinakwaruza chini ya cherehani. Nilidhani panya, nikainua mguu. Kilikuwa kitoto cha kasa, ukubwa wa chaki yangu ya kuchorea nguo, pezi moja limenaswa na uzi. Nikatazama mlangoni. Mchanga wote ulikuwa unatembea, na ulikuwa unakuja kwangu. Mapezi hajui kuhesabu. Walikuwa wametoka wote, bahari iko nyuma yao, wakaipa mgongo na kunichagua mimi.

Sijawahi kupendwa na umati namna hiyo, wala kuogopa namna hiyo. Swichi sikuiona, niling'oa waya. Nikamwita dada yako, naye akaja na ile sauti yake ya zamani, ndiyo maana hata majirani wa mwisho walizima taa, na ndiyo maana huko hotelini mlisikia jina langu. Alitundika pazia mlangoni. Mimi nilipiga magoti nikawatafuta chini ya meza, nyuma ya pasi, ndani ya kiatu, nikawaweka kwenye kapu la vipande vya vitambaa. Kisha tukawashusha mchangani mmoja mmoja, vichwa vikitazama mawimbi, tukawaacha watembee wenyewe kama ulivyotufundisha. Wale wa uani, taa ilipozimika, walisita kidogo kama watu waliokosea nyumba, wakageuka.

Yule mwenye uzi nilimbakiza wa mwisho. Nimekata nyuzi miaka mingi, ila huu niliukata kwa ncha tu ya mkasi, polepole kuliko wa hariri. Alipokuwa huru hakushukuru wala hakugeuka. Ni mtoto wa mama yake. Wote wamefika majini. Alama ulizoziona zimekatiza hoja ya tano ni nyayo za mmoja wao, aliyepita juu ya karatasi ilipoanguka.

Kuna jambo moja zaidi. Walipokwisha kupita, nilitazama njia zao pale mchangani. Kila njia ni vialama vidogo huku na huku, sawasawa na mshono, uliopinda kidogo kama wangu. Kile nilichowaambia wageni nilikitunga ili waondoke niende bafuni. Sasa nimekiona. Mashati yako nitayashona.

Taa nyeupe isirudi. Niletee kitambaa chekundu kingine, kizito zaidi, na fundi wa umeme kwa ajili ya ule waya.

Wageni wa ratiba ya jioni, kumbe, walikuwa wamefika na kusimama mbali kidogo muda wote, hakuna aliyesogea wala kupiga picha. Tulipomaliza, yule mama aliyeulizia sare aliuliza taratibu kama kubeba vitoto vya kasa kwenye kapu la fundi ni desturi yetu ya zamani. Nikafungua mdomo nimtungie kitu. Dada yako akaniwahi.

"Hapana," akasema. "Ni ya kuanzia leo."