Msichana wa Jangwani kwa Chuo cha Barafu

Jumatatu, 12 Januari
Kikao. Kocha mkuu, Bi. Ostby, kasema nafasi imebaki moja kwenye timu ya chuo ya mpira wa kikapu ya wasichana. Hataki nyota tu. Anataka atakayeizoea Dakota Kaskazini: baridi, kanisa, majirani. Nyota wa mwaka jana alirudi kwao Novemba, akilia. Msaidizi atakayempata anayefaa atapandishwa cheo. Wasaidizi ni wawili: mimi na Rask. Rask! Anazunguka mashambani kutazama mabinti wakikamua ng'ombe. Mimi ninaye Marisol Quintero, wa Tucson, jangwani. Mrefu kama mlingoti! Theluji hajawahi kuiona. Jambo dogo.

Jumatano, 14 Januari
Nimemfundisha Marisol kwa simu. Aseme anapenda baridi. Aseme huvua samaki kwenye ziwa lililoganda tangu utotoni. Na samaki wetu wa kulowekwa kwenye magadi, yule anayeteleza kama sabuni, aombe aongezewe. Mpango hauna tundu hata moja.

Ijumaa, 16 Januari
Amefika. Chakula ukumbini kanisani. Kaomba samaki mara tatu! Akina bibi wakafurahi, wakamjazia sahani. Uso ukawa wa kijani kidogo. Baadaye akapotelea jikoni, nadhani alijificha. Bi. Ostby kavutiwa mno, kesho anatupeleka ziwani kuvua. Rask kanitazama kwa huruma. Wivu mtupu.

Jumamosi, 17 Januari
Ziwani. Bi. Ostby akamkabidhi Marisol kekee, atoboe barafu, maana ni mzoefu. Marisol akanitazama. Nikaruka kumwokoa. Nikatoboa vizuri sana, ila nilikuwa nimesimama pabaya. Mguu ukazama mpaka gotini! Marisol akanishika ukosi, akaning'oa kama karoti.

Kisha akaharibu kila kitu.

"Kocha, sijawahi kuvua popote," akamwambia Bi. Ostby. "Theluji nimeiona jana. Yule samaki nilimtapika. Kocha Lowell ndiye aliyenifundisha cha kusema. Lakini nataka kuja hapa, kweli. Jana nilipoosha vyombo na wale bibi, mmoja alivua soksi zake za sufu akanivisha. Hata jina langu alikuwa hajaliuliza."

Bi. Ostby akaiokota kekee. Nikajua yamekwisha.

"Koti tutakununulia, mwanangu," akasema. "Wewe unatufaa." Akanigeukia, nikiwa natetemeka. "Wewe Lowell, uliyezaliwa hapahapa, ndiwe nisiye na hakika nawe."

Jumapili, 18 Januari
Mguu kwenye beseni la maji moto. Marisol ametia saini. Mpango wangu umefaulu kabisa! Cheo kapewa Rask, kwa sababu ambazo hazieleweki. Nimetafakari kwa kina, nimeliona kosa: mazoezi yalikuwa machache mno. Kwa hiyo nimempigia simu binti mmoja wa Honolulu, kwenye visiwa vya joto, kwa ajili ya msimu ujao. Nimemwambia aseme alizaliwa katikati ya tufani ya theluji. Akasema huo ni uongo.

Nimemwambia hapana, huo ndio utamaduni wetu.