Saini Mpya ya Wendell Krauss

Alhamisi, 9 Oktoba
Nadine, mke wangu, anagombea umeya wa Harlow Gap. Mpinzani wake ni jirani yetu Duane Stoltz, anayetaka kufunga kituo cha zimamoto. Wazimamoto wa hapo ndio waliomtoa baba yake Nadine kwenye moshi. Mji wetu mdogo, kura moja inatosha kuamua. Na watu wanapiga kura kwa mashine! Mimi hapana. Nimekwenda ofisi ya uchaguzi kuomba karatasi ya kura. Bi Loretta, msimamizi, akasema sawa, itakuja kwa posta. Rahisi hivyo? Nimeingiwa na wasiwasi.

Jumatatu, 20 Oktoba
Karatasi imefika. Bahasha ya kuirudishia inataka saini, wailinganishe na ile waliyonayo. Stoltz kapita na mbwa wake, kisha kapita tena. Saini yangu anaijua, tulisaini pamoja makubaliano ya uzio. Ataiiga! Nimebuni mpya, yenye mikia, W kama bata anayeruka. Nimesaini hivyo, nimetuma kura. Nadine hajui.

Jumanne, 4 Novemba
Siku yenyewe. Nadine hakula kitu. Jioni wakatangaza: Nadine na Stoltz wamelingana kura! Zimebaki bahasha chache zenye kasoro. Za wazembe, bila shaka.

Alhamisi, 6 Novemba
Bi Loretta kapiga simu. Eti saini yangu hailingani na ya zamani, niende na kitambulisho kabla ya ofisi kufungwa kesho, la sivyo kura haihesabiwi. Mtego! Nikakata. Nadine akauliza nani. Nikasema wauza madirisha.
Akauliza tena: “Wendell, kura yako ilifika salama?”
Nikamwambia salama kuliko zote.

Ijumaa, 7 Novemba
Bi Loretta kampigia Nadine mwenyewe. Nadine akaja gereji, uso mweupe.
“Vaa viatu, mume wangu. Sasa hivi.”
Tukafika dakika za mwisho. Nikaona gari la Stoltz mbele ya ofisi. Nikashauri tuzunguke nyuma, asituone. Nyuma kuna ukuta. Tuliporudi mbele, muda ulikuwa umekwisha, mlango umefungwa. Bi Loretta alikuwa ndani, akatikisa kichwa taratibu. Nadine akaegemeza paji la uso kwenye kioo. Nilitaka kumshika bega. Sikuthubutu.

Jumatatu, 10 Novemba
Hesabu za mwisho: bado wamelingana. Sheria inataka bahati nasibu. Majina mawili kwenye kofia, Bi Loretta akachomoa la Stoltz. Nadine akampa Stoltz mkono, akamwomba awafikirie wazimamoto. Kisha akanigeukia.
“Ungeniambia tu, Wendell. Ningekushika mkono tukaenda.”
Amelala chumba cha wageni. Moyo unaniuma kweli.

Jumanne, 11 Novemba
Nimewaza sana, na kosa nimeliona. Ile kofia ilikuwa ya nani? Hakuna aliyeuliza! Kesho naenda kwa Bi Loretta kudai uchaguzi ujao watumie yangu. Nimeshaanza kuishona, kwa siri. Nadine nimemwambia ni soksi.